Mashine ya kuchomelea ya waya: Unachofaa kujua kabla ya kuinunua kwa matumizi ya nyumbani

KWA miaka mingi, kazi ya kuchomelea vyuma katika maboma mengi humu nchini imekuwa ya kuitiwa fundi. Bawaba ya lango ikikatika, toroli ikivunjika mkono au kizimba cha kuku kikilegea, mwenye boma hukibeba kifaa chake hadi kwenye kibanda cha jua kali kilicho karibu, la sivyo humlipa fundi aje na mtambo wake mzito ukiwa umepakiwa kwenye mkokoteni.

Hali hiyo inabadilika. Mitambo myepesi, inayoweza kubebwa kwa mkono mmoja, sasa inauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi mijini na kwenye mitandao ya kuuzia bidhaa. Miongoni mwayo ni ile inayojilisha waya yenyewe, ambayo mafundi huiita MIG. Si ajabu siku hizi kumpata mkulima, mmiliki wa gari kuukuu au mwalimu mstaafu akiutamani mtambo wake mwenyewe.

Kikwazo ni kwamba wanunuzi wengi huongozwa na kitu kimoja, yaani nambari iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa mtambo. Anayeona 250 hudhani amepata nguvu kuliko anayeona 140, ilhali mara nyingi nambari hiyo ni jina tu la bidhaa. Ukweli umo kwenye kibao kidogo cha maelezo kilichobandikwa nyuma au chini ya mtambo, na hicho ndicho mnunuzi anachofaa kukisoma kabla ya kutoa pesa mfukoni.

WAYA AU VIJITI?

Katika mtambo wa vijiti, ambao umezoeleka Gikomba, Kamukunji na kwingineko, fundi hushika kijiti cha chuma kilichopakwa dawa kavu. Kijiti huyeyuka hadi kikaisha, naye hulazimika kusita na kutia kingine. Katika mtambo wa waya, mota ndogo huusukuma waya kutoka kwenye rili, ukapita ndani ya mpira mrefu hadi kwenye bunduki iliyo mkononi mwa fundi. Anapobonyeza kifyatulio, waya hutoka, ukagusa chuma na kuyeyuka kwa mfululizo bila kukoma.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Ilibuniwa mnamo 1948 katika taasisi ya utafiti ya Battelle, jimboni Ohio, Marekani, na mwanzoni ilitegemea gesi za bei ghali. Mnamo 1953 wataalamu wa Muungano wa Kisovieti walionyesha kwamba kaboni dayoksaidi, ambayo ni rahisi kupatikana, ingetosha kwa chuma cha kawaida. Hapo ndipo mtindo huo ulipoenea katika viwanda vya magari na hatimaye kwenye karakana ndogo.

Kwa anayejifunza, waya una faida kubwa. Mkono haushughuliki kufuatisha kijiti kinachozidi kufupika, na chuma chembamba hakitoboki ovyo. Mabomba ya mraba ya geji 18, yanayotumiwa kutengeneza madirisha, vitanda na viti, ni mtihani mgumu kwa anayeanza na vijiti, ilhali kwa waya wa milimita 0.6 au 0.8 huweza kuunganishwa vyema baada ya siku chache za mazoezi.

Hata hivyo, si kila boma linahitaji mtambo huu. Ikiwa kazi yako ni kurekebisha majembe ya trekta, vyuma vinene vya pembe na miguu ya kushikilia matangi ya maji, mtambo wa vijiti wa inveta utakufaa zaidi na kwa gharama ndogo. Vijiti hupatikana hata katika duka la kituo cha biashara kijijini, ilhali waya huenda ukalazimika kuuagiza kutoka mjini. Mwandishi wa makala haya angemshauri anayechomelea mara mbili kwa mwaka abaki na vijiti, au aendelee kumlipa fundi.

GESI AU BILA GESI

Zipo aina mbili za waya. Ya kwanza ni waya mtupu wa chuma, aghalabu uliopakwa shaba, ambao lazima ukingwe kwa gesi inayotoka kwenye mtungi ili hewa isiharibu kiungo kikiwa bado moto. Ya pili ni waya ulio kama mrija, wenye unga ndani. Unga huo unapoungua hutoa moshi unaokinga kiungo, na kuacha juu yake ukoko ambao hugongwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya.

Wauzaji wengi husifu mtambo usiotumia gesi kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli kuhusu mtambo, wala si kweli kuhusu waya, kwani kilo ya waya wenye unga kwa kawaida huuzwa ghali kuliko kilo ya waya mtupu. Aidha, kiungo chake huwa na matone mengi ya chuma yaliyorukia pembeni, na moshi wake ni mzito. Faida yake kuu ni kwamba upepo haukisumbui kiungo. Gesi hupeperushwa na upepo hata ule wa wastani, na kazi nyingi za nyumbani hufanyiwa uani, penye upepo.

Kwa upande wa gesi, hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya kaboni dayoksaidi hutoa takriban lita 540 za gesi. Ukiifungulia kwa kiwango cha lita 10 kwa dakika, kilo hiyo itadumu dakika 54 za kuchomelea. Waya wa milimita 0.8 wenye uzani wa kilo moja una urefu wa mita 250 hivi, na ukitoka kwa kasi ya mita 5 kwa dakika utaisha kwa dakika 50. Kwa hivyo, kilo ya waya na kilo ya gesi huisha karibu pamoja, jambo linalorahisisha bajeti. Kaboni dayoksaidi hata si bidhaa ya kigeni kabisa. Kuna inayochimbwa kutoka ardhini Kereita, Kaunti ya Kiambu. Gharama inayowashtua wengi si ya gesi bali ya mtungi na kidhibiti chake. Mtungi wa gesi ya kupikia, hata kama umekaa jikoni bila kazi, haufai kwa shughuli hii kwa hali yoyote ile. Gesi hiyo huwaka na italipuka.

Chaguo la busara kwa mwenye kipato cha wastani ni mtambo unaokubali aina zote mbili. Ataanza na waya wenye unga, na siku atakapomudu mtungi hatalazimika kununua mtambo mwingine. Lakini hapa pana mtego. Waya wenye unga usiotumia gesi huhitaji bunduki iunganishwe kwenye ncha hasi, ilhali waya mtupu wa gesi huhitaji ncha chanya. Mtambo mzuri una mahali pa kubadilisha miunganisho hiyo, ama mbele, ama ndani ya kifuniko cha rili. Usipoiona nafasi hiyo, mtambo huo ni wa kazi moja tu, haidhuru muuzaji anasema nini.

Mitambo ya bei ya chini kabisa ina dosari nyingine, nayo ni kwamba hutoa umeme wa mkondo geu badala ya mkondo mnyoofu. Moto wake hutapatapa na kurusha matone kila upande. Kwenye kibao, mkondo geu huonyeshwa kwa alama ya wimbi katika sehemu ya umeme unaotoka, na mkondo mnyoofu kwa mstari wenye vistari vifupi chini yake. Mtambo wa wimbi uache dukani.

KUSOMA KIBAO

Sasa tuje kwenye kibao chenyewe. Soketi ya kawaida ya nyumbani nchini Kenya ni ya ampea 13, na umeme wake ni wa volti 240. Ukizidisha, unapata wati 3,120. Hicho ndicho kiasi ambacho soketi imekusudiwa kutoa.

Upande wa pili, kuna kanuni ya kimataifa inayotumiwa kupima mitambo ya waya. Ili kupata volti za moto wa kuchomelea, chukua 14, kisha ongeza ampea zikizidishwa kwa 0.05. Kwa ampea 100 ni volti 19, yaani wati 1,900. Ukiongeza nguvu zinazopotea ndani ya mtambo, mzigo huo bado unaweza kubebwa na soketi kwa vipindi vifupi. Kwa ampea 250 ni volti 26.5, yaani wati 6,625 hata kabla ya kuhesabu kinachopotea. Hizo ni zaidi ya maradufu ya uwezo wa soketi. Mtambo wenye plagi ya ampea 13 na maandishi ya 250 ubavuni, basi, hauwezi kutoa ampea 250, na anayeuuza kwa sifa hiyo anauza maandishi.

Kwenye kibao tafuta herufi I yenye nambari 2 chini yake. Hiyo ndiyo ampea halisi ya kuchomelea. Juu yake au kando yake kuna herufi X yenye asilimia. Asilimia hiyo hueleza ni dakika ngapi kati ya kila 10 mtambo unaweza kufanya kazi kabla ya kupumzishwa. Ukiona asilimia 30 kwa ampea 120, maana yake ni dakika tatu za kazi na saba za kupoa. Kwa nyumbani si haba, kwa kuwa muda mwingi huishia katika kupima, kukata na kubana vyuma. Kwa anayepanga kutengeneza malango ya kuuza, asilimia hiyo haitoshi.

Tazama pia ni katika joto gani kipimo hicho kilifanywa. Kanuni ya kawaida ni nyuzi 40 za selisiasi, lakini baadhi ya watengenezaji wa mitambo midogo hupima katika nyuzi 20 au 25 ili asilimia ionekane kubwa. Anayeishi Limuru huenda asione tofauti. Anayeishi Mombasa, Garissa au Lodwar ataiona siku ya kwanza, mtambo utakapojizima akiwa katikati ya kazi.

Kisha kuna herufi I yenye nambari 1, inayoonyesha umeme ambao mtambo unavuta kutoka ukutani. Huandikwa mara mbili: kiwango cha juu kabisa, na kiwango cha wastani baada ya kuzingatia mapumziko. Hicho cha wastani kikipita ampea 13, mtambo huo unahitaji laini yake wenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, kama ile ya shawa ya maji moto.

Je, nyumbani unahitaji ampea ngapi kwa hakika? Mafundi hukadiria ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene wa chuma. Geji 16 ni milimita 1.6, kwa hivyo huhitaji ampea 65 hivi. Geji 18 ni milimita 1.2, nayo hutosheka na 50. Chuma cha milimita 3 kinataka 120. Kazi nyingi za boma, kwa hivyo, ziko kati ya ampea 40 na 120, na mtambo wa ampea 140 zilizo za kweli unatosha na kusaza. Jambo ambalo wanunuzi husahau ni kuangalia kiwango cha chini. Mtambo usioweza kushuka chini ya ampea 60 utatoboa geji 20 kila ukigusa, hata kama kiwango chake cha juu kinavutia namna gani.

Walio na hamu ya mitumba nao wawe macho. Mitambo ya zamani ya transfoma iliyotoka ng'ambo ni imara na hutengenezeka kwa urahisi, lakini mingi iliundwa kwa ajili ya viwanda. Ukiona volti 400 na alama ya awamu tatu, hautawaka nyumbani kwako. Ukiona volti 110 au 120 pekee, uliundiwa nchi nyingine, na kuuchomeka kwenye volti 240 ni kuuteketeza.

UMEME WA NYUMBANI

Nguvu za umeme vijijini aghalabu hushuka jioni, wakati kila mtu amewasha taa na pasi. Mitambo mingi ya inveta imeundwa kuvumilia mabadiliko ya asilimia 15 juu au chini ya volti 230, na hilo pia huandikwa katika maelezo. Waya wa kurefusha umeme uwe na unene wa milimita mraba 2.5, tena ukunjuliwe wote. Ukiachwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata joto na kuyeyuka. Kwa anayetegemea jenereta, kVA 5 ndicho kiwango cha kuanzia.

Wapangaji wa ploti zenye mita moja wazungumze na mwenye nyumba kwanza. Taa za majirani zikififia kila unapobonyeza kifyatulio, ugomvi hautakawia. Kuhusu tokeni, hofu ya wengi imepita kiasi. Kwa ampea 100 mtambo wa inveta hutumia takriban yuniti mbili na nusu kwa saa nzima ya moto, na lango dogo huchukua dakika chache tu za moto wenyewe.

MOSHI, MACHO NA MOTO

Fedha zitakazobaki baada ya kununua mtambo zisiende kwenye rili ya pili bali kwenye barakoa ya kuchomelea, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Kioo cha barakoa kiwe cha nambari 10 au 11. Miwani ya jua, ambayo baadhi ya mafundi huivaa kandokando ya barabara, haizuii miale inayounguza macho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakiwa kama yaliyojaa mchanga. Watoto hupenda kutazama mwanga huo, na wao pia huungua. Watengwe kwa pazia au waondolewe uani.

Moshi nao si wa kudharauliwa. Mnamo 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuorodhesha moshi wa kuchomelea miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki huleta taabu ya haraka zaidi: mtu hutetemeka kwa homa saa chache baada ya kazi, akadhani ni malaria. Zinki iondolewe kwa kusugua, na kazi ifanyiwe mahali wazi, kichwa kikiwa kando ya moshi. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa kwa imani kwamba yanasafisha kifua huenda tumboni wala si mapafuni.

Pipa lililowahi kuwekwa petroli au mafuta ya taa lisichomelewe kamwe, hata likionekana kavu. Vilevile, kabla ya kuchomelea gari, betri yake ikatwe.

DUKANI

Ukiwa na mtambo mbele yako, fungua kifuniko cha rili na uchunguze vigurudumu vinavyosukuma waya. Vya chuma ni bora kuliko vya plastiki. Mfereji wake uwe wa unene wa waya unaokusudia kutumia. Waya mtupu hutaka mfereji laini wenye umbo la V, ilhali waya wenye unga hutaka mfereji wenye meno ili ushikwe bila kubanwa sana na kupondeka. Uliza rili inayoingia ni ya kilo ngapi. Mtambo unaokubali rili ya kilo 5 utakuokolea pesa, maana rili za kilo moja huuzwa ghali kwa kadiri ya uzani wake.

Bunduki inayochomolewa ni afadhali kuliko iliyoshikanishwa moja kwa moja na mtambo, kwa sababu bunduki ndiyo huchakaa kwanza. Ncha ndogo za shaba zilizo mdomoni mwake ni kama sindano za cherehani. Huisha, na lazima zipatikane karibu. Ikiwa muuzaji hana ncha za akiba za mtambo anaokuuzia, nenda kwa mwingine. Angalia pia alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na dai risiti inayotaja muda wa dhamana na atakayefanya matengenezo.

Njoo dukani na kipande chako mwenyewe cha bomba la geji 18, na uombe mtambo uwashwe. Waya ukitoka sawasawa, sauti huwa kama ya mafuta yanayokaanga, ya mfululizo. Ukisikia milio ya kukatikakatika hata baada ya muuzaji kurekebisha volti na kasi ya waya, basi tatizo li ndani ya mtambo. Kibanio kinachorudisha umeme kutoka kwenye chuma nacho kikazwe mkononi mwako. Vingi vya mitambo ya bei nafuu ni vya bati jembamba, ingawa kukibadilisha ni jambo dogo lisilokuzuia kununua mtambo ulio mzuri.

Rili iliyobaki baada ya kazi itolewe na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, hususan Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria ambako unyevu ni mwingi. Waya ulioshika kutu hukwama ndani ya mpira wa bunduki, na unga ulionyonya maji huacha vitobo ndani ya kiungo.